Sera ya akili mnemba haina maana kama shirika halijui mifumo yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu mtindo ulioshika kasi katika mashirika, makubwa kwa madogo. Kila shirika sasa linatangaza kwamba limepata sera ya matumizi ya akili mnemba. Sera inazinduliwa kwa shangwe, picha zinapigwa, mkurugenzi mkuu anasema mawili matatu kuhusu uwajibikaji, waraka unapandishwa kwenye tovuti, na kesho yake kazi zinaendelea kama jana.

Mimi ni mkaguzi wa ndani kwa taaluma. Kwa miaka ya karibuni shughuli yangu imekuwa kuyasaidia mashirika kuitumia teknolojia hii bila kuumiza watu na bila kugombana na wadhibiti. Sera za namna hiyo nimezisoma nyingi. Baadhi zimeandikwa vizuri sana. Baadhi, na nasema hivi bila kumsengenya mtu, zimeandikwa na akili mnemba yenyewe, na aliyezipitisha hakuzisoma hadi mwisho, maana nimekuta mahali palipoachwa wazi pa kujaza jina la shirika pakiwa bado wazi.

Rai yangu ni kwamba daftari, yaani orodha ya mifumo yote ambayo shirika linaitumia na kazi zake, litangulie, sera ifuate. Hakuna mkaguzi atakayetia sahihi hesabu za shirika lisilojua lina magari mangapi, yako wapi na nani anayaendesha. Lakini shirika hilo hilo linaruhusiwa, na hata kupongezwa, kwa kutangaza kwamba linatumia akili mnemba kwa uwajibikaji wakati hakuna mtu ndani yake anayeweza kukaa chini akaorodhesha ni mifumo ipi inayotumika, katika kazi gani, inachukua taarifa za nani, na ikiharibu ataitwa nani.

Ukifika kwenye ofisi ukauliza, "Mnatumia akili mnemba wapi?", utajibiwa kwamba hawatumii, au kwamba wana chatiboti moja, yaani programu ya kujibu maswali ya wateja, kwenye tovuti. Anayekujibu hadanganyi. Anakuambia kile kilichonunuliwa kwa jina hilo. Shida ni kwamba sehemu kubwa ya akili mnemba haiingii ofisini kwa zabuni, huingia kwa sasisho. Programu ya ajira iliyonunuliwa zamani kwa ajili ya kupokea maombi tu imeongezewa uwezo, na siku hizi inawapanga waombaji kwa alama. Mfumo wa malipo umepata kipengele kinachotia alama nyekundu kwenye muamala unaoutilia shaka. Programu ya mikutano inaandika muhtasari yenyewe na kuutuma kwa wote waliohudhuria, pamoja na yale mazungumzo ya pembeni ya kabla kikao hakijafunguliwa. Hakuna menejimenti iliyokaa ikaidhinisha. Mtu alibonyeza "kubali" asubuhi moja ili aendelee na kazi yake, basi.

Ndiyo maana swali lile siliulizi tena. Nauliza hivi: katika meza yako, ni uamuzi gani ambao kompyuta inatoa maoni kabla yako? Ni kitu gani kinakufikia kikiwa tayari kimepangwa, kimepewa alama au kimeandikwa? Watu hufunguka haraka wakiulizwa kuhusu kazi yao badala ya kuulizwa kuhusu teknolojia. Nikimalizana nao nakwenda kwa mhasibu, naomba orodha ya malipo madogo madogo yanayokatwa kila mwezi kwenye kadi za ofisi. Humo ndimo utakamokuta usajili wa programu ambazo watu wa TEHAMA hawajawahi kuzisikia, zinazolipiwa na idara iliyochoka kusubiri kibali.

Halafu kuna zile zisizolipiwa kabisa, zilizomo kwenye simu za wafanyakazi. Hapa viongozi wengi hukimbilia katazo. Katazo lina sababu: mwaka 2023 Samsung ilizuia wafanyakazi wake kutumia zana za aina hiyo baada ya kubainika kwamba msimbo wake wa siri ulikuwa umeingizwa kwenye ChatGPT. Lakini nimekaa katika ofisi yenye katazo kali, kompyuta zote zimefungiwa, nikamwona mhudumu wa malalamiko ameegemeza simu yake kwenye kioo cha kompyuta. Anasoma lalamiko la mteja, analichapa kwenye simu kwa vidole viwili, jina la mteja na namba yake na maradhi yake vikiwemo, anasubiri jibu, kisha analinakili neno kwa neno kwenye kompyuta ya ofisi. Nilipomuuliza kwa nini anajitesa hivyo, akasema anatakiwa ajibu barua zote kabla ya saa ya kufunga, na kwamba majibu anayoandika mwenyewe msimamizi wake huyarudisha akisema hayana adabu ya kutosha.

Katazo lile halikulinda taarifa za mteja hata chembe. Lilizihamisha tu kutoka kwenye mtandao ambao shirika linauona hadi kwenye simu ambayo haliioni. Dawa yake inajulikana: mpe mtu huyu zana iliyoidhinishwa, yenye mkataba unaosema taarifa hazitatumika kufundishia mfumo, mweleze kwa sentensi chache nini kisiingizwe kamwe, na umpunguzie mzigo. Hilo la mwisho husahauliwa kwa sababu halimo katika sera yoyote.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi, ambalo katika kila sera limeandikwa kwa maneno yale yale: "Uamuzi wa mwisho utafanywa na binadamu." Niliwahi kukaa ubavuni mwa afisa wa ajira katika shirika ambalo sitalitaja. Mfumo wao unampa kila mwombaji rangi na asilimia. Wenye kijani aliwafungua mmoja mmoja, akawasoma kwa makini, akaandika maoni mazuri kabisa. Wa njano aliwapitia harakaharaka. Alipofika kwa wekundu, alibonyeza kisanduku kimoja cha juu kilichowachagua wote kwa mpigo, akabonyeza "kataa", na barua za masikitiko zikaondoka dakika ile ile.

Nikamwomba anifungulie mmoja wa wale wekundu. Ilimbidi atafute kwanza jinsi ya kumfungua. Mwombaji alikuwa na sifa zote zilizotangazwa. Alikuwa ameacha kazi kwa kipindi fulani kisha akarudi, na kwa kadiri tulivyoweza kuona, pengo hilo ndilo lililomshusha. Yule afisa akasoma, akanyamaza kidogo, akasema, "Huyu ningemwita." Kisha akaongeza neno ambalo nimekuwa nikilirudia mbele ya bodi za wakurugenzi: "Bosi hajawahi kuniuliza kwa nini nimemkataa mtu. Huniuliza kwa nini nimechelewa."

Sikumlaumu na simlaumu leo. Alikuwepo, alibonyeza, jina lake limeandikwa kwenye mfumo kama mwidhinishaji. Kwa karatasi, binadamu aliamua. Kwa hiyo katika daftari ninaloyatengenezea mashirika nina safu mbili ambazo watu huzikunjia uso. Ya kwanza inauliza ni nani mwenye mamlaka ya kuukatalia mfumo. Ya pili inauliza ni mara ngapi ameukatalia. Ikiwa mwaka mzima umepita na hakuna hata mara moja, ama shirika limenunua mfumo usiokosea, jambo ambalo sijaliona, ama kuna mtu amegeuzwa muhuri.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya akili mnemba, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, imeliona hili vizuri kuliko sera nyingi nilizosoma. Inazungumzia waziwazi tabia ya binadamu kuiamini mno mashine. Kwa mifumo inayohesabiwa kuwa ya hatari kubwa, shirika linaloutumia mfumo linatakiwa liukabidhi usimamizi kwa watu wenye uwezo, mafunzo na mamlaka, na liwape msaada unaohitajika. Mamlaka ndiyo inayokosekana mara nyingi. Afisa wangu wa ajira alikuwa na uwezo, na mafunzo angepewa kwa siku moja. Ruhusa ya kuchelewa ndiyo hakuwa nayo.

Wapo watakaosema hayo ni madogo, mtu kukosa usaili. Tuangalie basi yaliyokwisha kuandikwa. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon ilikuwa imeachana na mfumo wake wa majaribio wa kuchuja waombaji, kwa kuwa ulijifunza kutoka kwenye wasifu wa waombaji wa miaka kumi, wengi wao wanaume, ukaanza kuwashusha waombaji wanawake. Angalau wao waliupima wakaugundua. Mwaka 2023 kampuni ya iTutorGroup ilikubali kulipa dola 365,000 kumaliza shauri lililofunguliwa na tume ya Marekani inayosimamia usawa katika ajira, kwa madai kwamba programu yake iliwakataa moja kwa moja wanawake wa miaka 55 na zaidi na wanaume wa miaka 60 na zaidi. Na angalia, hapo hapakuwa na teknolojia ya ajabu yoyote. Ni sharti lililoandikwa ndani ya programu. Mwombaji aliyekataliwa hajali kama kilichomkataa ni mtandao wa neva wenye mabilioni ya vigezo au mstari mmoja wa msimbo, na daftari nalo lisijali. Mabishano ya "hii ni akili mnemba au si akili mnemba?" yamenipotezea vikao vingi. Kama kinapendekeza au kinaamua jambo linalomgusa mtu, kiandikwe.

Na kuna Uholanzi. Mamlaka ya kodi ya huko ilikuwa ikitumia mfumo uliojifunza wenyewe kupima ni nani kati ya waombaji wa posho ya malezi ya watoto anayeweza kuwa mdanganyifu, na kimoja cha vitu ulivyoangalia ni kama mtu ni raia wa Uholanzi au la. Maelfu ya familia waliitwa wadanganyifu na kudaiwa fedha ambazo hawakuwa na uwezo wa kuzirudisha. Januari 2021 serikali nzima ikajiuzulu. Desemba mwaka huo mamlaka ya ulinzi wa data ikaitoza mamlaka ya kodi faini ya euro milioni 2.75 kwa jinsi ilivyotumia taarifa za uraia wa waombaji. Mfumo peke yake haukufanya yote hayo. Sheria ilikuwa kali kupita kiasi, maofisa walikuwa wagumu, rufaa zilikwama. Mfumo ulichofanya ni kuchagua nani ashukiwe kwanza, na aliyechaguliwa hakuwa na njia ya kujua kwa nini.

Huwa nawauliza wakurugenzi: mtu aliyekataliwa na mfumo wenu leo akipiga simu kesho kuuliza kwa nini, simu hiyo inapokelewa na nani, na huyo anayeipokea ana nini cha kumwambia? Kimya kinachofuata hunieleza zaidi ya kurasa zote za sera. Tena haki hiyo ya kuuliza na kujibiwa si hisani. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data binafsi inayotumika tangu Mei 2018, sheria ya Brazil, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zina kifungu kuhusu uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Maneno yanatofautiana na upana unatofautiana, lakini shirika linalosema "hiyo sheria ya akili mnemba bado haijatufikia" huwa limefikiwa zamani na sheria ya data.

Mashirika pia hujificha nyuma ya muuzaji. "Mfumo si wetu, tumenunua." Wanaopenda sentensi hiyo nawaomba wasome shauri la shirika la ndege la Air Canada, lililoamuliwa Februari 2024 na baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia. Abiria aliyefiwa aliambiwa na chatiboti kwenye tovuti ya shirika kwamba anaweza kununua tiketi kwanza kisha aombe punguzo la msiba baadaye. Utaratibu halisi wa shirika haukuruhusu hivyo, na punguzo likakataliwa. Katika utetezi wake shirika lilisema halibebi dhamana ya taarifa alizopewa na chatiboti. Baraza likaona kwamba hoja hiyo ni kama kudai chatiboti ni mtu mwingine kisheria anayejibu kwa matendo yake mwenyewe, na likaikataa. Fedha zilizoamriwa hazikufika hata dola 1,000 za Kanada. Hasara ya jina sijui aliihesabu nani.

Sheria ya Ulaya ya akili mnemba inagawa wajibu kati ya anayetengeneza mfumo na anayeutumia, na kila mmoja ana mzigo wake. Tena mstari kati yao unavukika kirahisi. Ukiuweka mfumo wa hatari kubwa jina lako, au ukiubadilisha kwa kiasi kikubwa, au ukichukua mfumo wa kawaida ukautumia katika kazi inayohesabiwa kuwa ya hatari kubwa, unaweza kujikuta umekuwa mtengenezaji mbele ya sheria, pamoja na majukumu yake yote. Nimekuta mahali watu wamechukua zana ya kawaida ya kufupisha nyaraka wakaanza kuiagiza iwapange waombaji wa mikopo. Kwao ilikuwa ubunifu wa mchana mmoja. Uwezo wa mtu kupata mkopo umo ndani ya orodha ya hatari kubwa katika sheria hiyo, pamoja na ajira, elimu na huduma nyingine za lazima. Na sheria hiyo inaweza kulifikia hata shirika lililo nje ya Ulaya ikiwa matokeo ya mfumo yanatumika ndani ya Umoja huo, kwa hiyo wanaohudumia wateja wa huko wasijidanganye kwa umbali.

Hapo ndipo thamani ya daftari inapoonekana. Hatari imo katika kazi, haimo katika jina la programu. Programu ile ile ikifupisha kumbukumbu za kikao haina tatizo kubwa. Ikipanga nani aajiriwe inakuwa habari nyingine. Daftari linaloandika majina ya programu pekee halimsaidii mtu. Liandike matumizi, mstari mmoja kwa kila matumizi, hata kama programu ni ile ile mara tano.

Kuhusu mkataba, nitasema yale tu ambayo huwa nayakuta yamesahauliwa. Muuzaji akibadilisha mfumo wake usiku, mtaarifiwa? Mara nyingi jibu ni hapana, na asubuhi mnafanya kazi na kitu ambacho hamkukijaribu. Kumbukumbu za mfumo zinakaa wapi, na mnaweza kuzipata bila kumbembeleza mtu? Sheria ya Ulaya inawataka watumiaji wa mifumo ya hatari kubwa wazitunze kwa angalau miezi sita zile zilizo chini yao, na bila kumbukumbu hizo hamwezi kumjibu yule mpiga simu niliyemtaja. Tena msikubali takwimu za ubora alizokuja nazo muuzaji kwenye kitini chake. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichapisha katika jarida la JAMA Internal Medicine matokeo ya kuupima mfumo wa kampuni ya Epic wa kutabiri ugonjwa wa sepsis, yaani hali ya hatari ya mwili kuzidiwa na maambukizi, uliokuwa ukitumika katika mamia ya hospitali. Katika hospitali waliyoipima, mfumo ulishindwa kuwabaini karibu theluthi mbili ya wagonjwa wa sepsis, huku ukitoa tahadhari nyingi za bure. Walioununua walikuwa wataalamu. Jaribuni kwa data zenu, kwa watu wenu, kabla ya kuwasha.

Vyeti navyo vina nafasi yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 42001 cha Desemba 2023 kinatoa utaratibu mzuri wa kuendesha mambo haya, na mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa Januari 2023 unapatikana bure na unasomeka. Ninavitumia vyote viwili. Ila nimeona wenzangu katika biashara hii ya ushauri wakiuza cheti kama kinga, na wateja wakikinunua kwa matumaini hayo. Mimi pia nalipwa kwa kazi hii, kwa hiyo msomaji ayapime maneno yangu kwa mizani hiyo: kama mshauri wako anaanza na cheti kabla hajakaa na mtu wa malalamiko na mtu wa ajira kwenye meza zao, tafuta mwingine.

Mashirika madogo huniambia kwamba hayo yote ni ya wenye fedha, wao hawana kamati ya maadili wala mwanasheria wa teknolojia. Sijawahi kuwaambia waunde kamati. Jedwali moja kwenye kompyuta linatosha, na mtu mmoja mwenye jukumu la kulipitia kila mwezi, na ruhusa iliyoandikwa ya kuzima mfumo bila kuomba radhi. Shirika dogo lina faida kubwa hapa, kwa kuwa watu wote wanaohusika wanaweza kukaa chumba kimoja. Nimeona ofisi ya watu wachache ikimaliza daftari lake kabla ya mapumziko ya mchana, ikagundua mfumo mmoja ambao hakuna aliyekuwa akiuhitaji, ikauzima siku ile ile. Shirika kubwa lingeunda kikosi kazi.

Kuna hoja nyingine inayozunguka: tusubiri. Novemba 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza kusogeza mbele baadhi ya tarehe za masharti ya mifumo ya hatari kubwa, na nimesikia wakurugenzi wakishusha pumzi kana kwamba mtihani umeahirishwa. Lakini makatazo ya sheria hiyo ya Ulaya, kwa mfano kusoma hisia za wafanyakazi kazini kwa mashine, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au za usalama, yanatumika tangu tarehe 2 Februari 2025, na adhabu yake ya juu ni euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya mwaka ya dunia nzima, kutegemea kipi ni kikubwa. Tena aliyekataliwa mkopo au kazi wiki hii hafuati ratiba ya mtunga sheria. Na wale wanaodai kanuni zinaua ubunifu, nawaomba wanionyeshe ni ubunifu gani uliouawa na kujua mifumo yao ni ipi.

Namalizia na ombi kwa gazeti lako, Mhariri. Waandishi wako wanapokwenda kwenye uzinduzi wa sera hizi, waache kunukuu hotuba peke yake. Waombe kuona daftari. Waulize ni mfumo gani shirika limeukataa au limeuzima, na kwa nini. Waulize aliyekataliwa anakata rufaa kwa nani. Na kwa kuwa vyumba vya habari navyo vimeanza kutumia zana hizi kutafsiri, kufupisha na kupanga habari, ningefurahi kusoma katika ukurasa huu huu gazeti lako linazitumia wapi, na nani anayesoma kabla ya kuchapwa.

Wako katika ujenzi wa jamii,
Mkaguzi na mshauri wa mifumo